Paa Lililoshushwa kwa Ajili ya Upepo

Fundi alitoa mfukoni sumaku ndogo, ile aitumiayo kupima kama bodi ya gari imewahi kugongwa ikazibwa kwa bodifila, akaipachika juu ya paa la gari dogo jeupe lililoegeshwa chini ya mwembe wa gereji yake hapa Mombasa, na sumaku ikateleza ikaanguka. Akaijaribu juu ya boneti, ikaanguka. Akaijaribu mlangoni, ikaanguka tena. Alipofika kwenye ubavu wa nyuma, pale ambapo bodi imetuna juu ya tairi kama bega la mpagazi, ndipo iliponata. Akalirudia paa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, na mlio uliotoka haukuwa wa bati wala wa plastiki, bali mlio mkavu, mfupi, usio na mwangwi. “Mzee wangu,” akaniambia, “hili gari ni shuka la viraka. Kila mahali kitambaa chake.”

Alinena kweli kuliko alivyojua. Gari lenyewe ni Toyota GR Yaris, lililodhihirishwa Japani mwezi wa Januari mwaka 2020, na viraka vyake haviishii kwenye ngozi. Paa ni la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu. Boneti, milango miwili na mlango wa nyuma ni aluminiamu. Kilichobaki ni chuma. Chini ya ngozi hiyo sehemu ya mbele imekatwa katika jukwaa liitwalo GA-B, ambalo ndilo msingi wa Yaris ya kawaida, na sehemu ya nyuma imetwaliwa katika GA-C, jukwaa la magari makubwa zaidi kama Corolla, kisha nusu mbili hizo zikaungwa zikawa kiwiliwili kimoja. Mtu asiyejua sababu ataona huu ni ufundi wa fujo, maana mtengenezaji wa magari hutajirika kwa kukariri kitu kimoja mara milioni, si kwa kuunganisha vitu viwili ambavyo havikuumbwa vikutane. Lakini Yaris ya kawaida ina nyuma boriti moja ya kujikunja inayobeba magurudumu mawili kwa pamoja, na boriti hiyo haiachi nafasi ya difu ya nyuma, wala haimpi fundi wa mashindano uhuru wa kulipanga gurudumu moja pasipo kuligusa jingine. Ilhali nyuma ya GA-C hukaa mikono miwili miwili kwa kila gurudumu, na kati yake kuna wasaa wa difu na propela. Aliyetaka gari dogo livute kwa magurudumu yote manne, na livute kama gari la rali, hakuwa na budi kushona.

Kuna sharti la kale lililozaa magari ya namna hii, nami nitaliita ithibati, kwa kuwa ndiyo maana yake: kampuni haikuruhusiwa kushindana na gari isipokuwa kwanza ithibitishe kuwa gari hilo linauzwa kwa watu wa kawaida, na katika zama za daraja la rali lililoitwa Kundi A hesabu iliyotakiwa ilikuwa magari 5,000. Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona matunda ya sharti hilo kwa macho yetu. Toyota Celica zilizoshinda Rali ya Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 zilivuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Baada yake ikaja Celica GT-Four, iliyovuta kwa yote manne, na Björn Waldegård akashinda nayo mwaka 1990, Carlos Sainz mwaka 1992, na mwaka 1993 Juha Kankkunen akatangulia msafara wa Celica nne zilizoshika nafasi ya kwanza hadi ya nne. Ili Celica ya Sainz ipate ithibati, zilijengwa 5,000 za namna ya peke yake, na baadhi zikabandikwa jina lake. Aliyenunua mojawapo alinunua kitu kilichotengenezwa kwa haja ya mwingine, na hapo ndipo utamu wake ulipokuwa: tundu la boneti halikuwa pambo, lilikuwa pale kwa sababu mhandisi wa mashindano alihitaji hewa ipite, na mnunuzi akawa mrithi wa haja ile.

Desturi hiyo ilififia. Kanuni zilizofuata ziliwaruhusu watengenezaji kuchukua gari la sokoni la kawaida kabisa, la kuvuta mbele, na kuligeuza karakanani liwe gari la rali, hata Yaris ambayo Toyota ilirudi nayo katika mashindano ya rali ya dunia mwaka 2017 chini ya uongozi wa Tommi Mäkinen haikutokana na gari la dukani lenye magurudumu manne yavutayo. Toyota ilitaka kuurudisha mpango wa zamani na kuuzidishia jambo moja, yaani kuanza na gari la mashindano ndipo kulishusha barabarani, badala ya kuanza na gari la barabarani na kulipandisha mashindanoni. Mhandisi mkuu, Naohiko Saito, aliwaendea watu wa Mäkinen akawauliza wanataka nini, na miongoni mwa waliyoyataka lilikuwa hili la paa: liinamishwe kuelekea nyuma, ili upepo upitao juu ya gari ukifikie sawasawa bawa la nyuma, kwa kuwa bawa lililofichwa nyuma ya paa refu hupata upepo uliochafuka na hushindwa kulikandamiza gari chini. Gari la milango mitano haliwezi kuinamishwa hivyo bila kuwavunja shingo abiria wa nyuma. Kwa hiyo milango ikawa mitatu, na kwa hiyo pia bodi nzima ikawa mpya, haifanani na ya Yaris ya kawaida isipokuwa katika taa na vioo na vitu vya kando kando. Ombi moja la upepo liliubadilisha muundo wote, na mimi, kila ninapoitazama sanaa ya kuunda magari, hupendezwa zaidi na jambo la namna hii kuliko hesabu ya nguvu za farasi.

Basi hapa ndipo shaka ya kwanza inapoingia, nayo ni shaka nzito inayostahili kusikilizwa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalisimamisha safari na majaribio, na Toyota ikaiacha kazi ya kuunda gari la rali la mwaka 2021 ambalo lingetoka katika GR Yaris, ikaendelea na lile la zamani. Mwaka 2022 kanuni zikageuka tena: magari ya daraja la juu, yaitwayo Rally1, yakajengwa kwa fremu ya mabomba na kusaidiwa na mota ya umeme, na kanuni zikaruhusu fremu hiyo ivikwe ngozi yenye sura ya gari la dukani. Nilisimama mwaka huo kando ya njia huko Naivasha, katika lile vumbi laini kama unga wa ngano ambalo waendeshaji huliita fesh-fesh, nikaziona GR Yaris nne zikimaliza Safari katika nafasi ya kwanza hadi ya nne, Kalle Rovanperä mbele, kama ilivyokuwa kwa Celica mwaka 1993. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini yale manne hayakuwa na paa lile la kaboni wala ule mshono wa GA-B na GA-C. Yalikuwa mifupa ya mabomba iliyovaa joho la jina. Ithibati iliyokuwa sababu ya gari zima kuzaliwa ilikuwa imetoweka kabla gari halijapata kuitumikia, na paa likabaki limeshushwa kwa ajili ya bawa ambalo halikufungwa.

Wapo waliokata shauri kutokana na hayo kwamba gari hili ni kiigizo tu, nami sikubaliani nao, na hoja yangu imo katika tarakimu moja. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,618. Daraja la pili la rali, liitwalo Rally2, ambalo ndilo gari la timu binafsi na la vijana wanaopanda, lina kikomo cha 1,620. Hakuna mtu anayeifikia 1,618 kwa sadfa. Hiyo ni injini iliyochorwa kwa kupimia ukuta, ikasogezwa hadi pua iuguse. Na kweli, mwezi wa Januari mwaka 2024, katika Rali ya Monte Carlo, GR Yaris Rally2 ilianza kushindana ikiwa na injini iliyotokana na ile ile ya dukani na bodi iliyotokana na ile ile ya dukani, na mwaka huo huo Sami Pajari akatwaa nayo ubingwa wa daraja hilo duniani. Kwa hiyo haja haikufa. Ilichelewa miaka minne, ikashuka ngazi moja. Anayelinunua gari hili leo ni mrithi wa haki, ijapokuwa urithi wenyewe si ule ulioandikwa katika wasia wa kwanza.

Injini hiyo ni ya silinda tatu, na wengi wameikunjia uso kwa ajili ya hesabu hiyo, wakidhani silinda tatu ni dalili ya ubahili. La. Kwenye injini ya silinda nne pumzi za moshi zinazotoka huingiliana, moja ikisukuma mlangoni kabla nyingine haijamaliza, na mhandisi hulazimika kuzitenga kwa njia mbili ili turbo ipate kila pumzi kamili. Silinda tatu hupumua kwa kupeana nafasi ya kutosha, na turbo moja yenye njia moja huzipokea zote bila fujo. Turbo hii tena huzunguka juu ya gololi badala ya bushi, hivyo huamka upesi. Matokeo yake, katika gari la kwanza lililouzwa Japani, ni nguvu za farasi 272 na nyutoni-mita 370 za kuzungusha, katika gari la kilo 1,280. Sauti yake haina utamu wa Subaru tuliyozoea kuisikia usiku katika barabara za Nairobi, na hilo silibishii.

Mahali penye utajiri zaidi ni njia ambayo nguvu hiyo hupita kwenda nyuma, na hapa naomba msomaji anivumilie. Wapinzani wa zamani, Impreza na Lancer Evolution, walikuwa na difu ya tatu katikati, iliyogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. GR Yaris haina difu ya katikati. Nguvu hutoka katika giaboksi, ikazungusha magurudumu ya mbele na propela kwa pamoja, na kule nyuma, kabla ya difu, kuna klachi ya sahani nyingi ambayo kompyuta huibana au kuilegeza. Wenye shaka husema kuwa hiyo ni fowili ya kina mama wa sokoni, ile ile iliyomo katika magari ya kawaida ya familia ambayo huvuta mbele na kukumbuka nyuma pale tu tope linapozidi. Wangesema kweli, lau wahandisi wangeishia hapo. Klachi, kwa tabia yake, huhamisha nguvu kutoka upande unaokwenda kasi kwenda upande unaokwenda polepole, na pande mbili zikienda sawa, hata uibane vipi, haitoi zaidi ya nusu kwa nusu. Basi wakaupotosha kidogo uwiano wa gia baina ya mbele na nyuma, kiasi kwamba gari likienda katika njia iliyonyooka, upande wa klachi ulioshikana na injini unazunguka kasi kidogo kuliko upande ulioshikana na magurudumu ya nyuma. Klachi sasa haikosi kuteleza kidogo, na kila inapobanwa huisukuma nyuma zaidi ya mbele. Ndiyo maana dereva akigeuza kitufe kwenda hali ya michezo anaambiwa nguvu zimegawanywa 30 mbele na 70 nyuma, na akikigeuza kwenda hali ya kiwanja, 50 kwa 50, na katika hali ya kawaida, 60 kwa 40. Tarakimu hizo zisichukuliwe kama kipimo cha mizani ya dukani, kwa kuwa mshiko wa ardhi una sauti yake katika mgawanyo; ni nia ya kompyuta zaidi kuliko ahadi.

Hila hii ni ya akili, na haina uzito wa difu ya tatu, lakini ina ada yake, nayo ni joto. Kitu kinachoteleza daima huungua daima. Walioliendesha gari la kwanza kwa muda mrefu kwenye viwanja vya mbio, hasa katika hali ya 30 kwa 70, walilikuta likiwaonya kuwa klachi imepata moto, na likiendelea kuonewa huachia kabisa magurudumu ya nyuma ili lijiokoe, na hapo bwana anayedhani ana gari la rali hujikuta katika kona ana gari la kuvuta mbele. Huo ni upungufu wa haki, na hauondolewi kwa kuusifu werevu wa waliouzaa.

Lakini wanaoshikilia kuwa gari la rali halisi lazima liwe na difu ya katikati wanasahau kuwa magari ya Rally2 hayaruhusiwi kuwa nayo. Yamefungwa mbele kwa nyuma moja kwa moja, na katikati yake pana kiachio kimoja tu: dereva akivuta handibreki, nyuma hukatwa, ili magurudumu ya nyuma yasimame na gari ligeuke juu ya mbele yake. Na GR Yaris ya dukani hufanya vivyo hivyo. Handibreki yake ni mkono wa kuvuta, si kitufe, na ukiuvuta, klachi ile ile inayolaumiwa huachia. Wanaodhani kiungo hiki ni cha bei nafuu kilichofichwa chini ya jina kubwa, kwa maoni yangu, hawajapata kupita nacho kona ya mchanga.

Mwaka 2024 gari lilitoka upya, na yaliyobadilishwa yanaonyesha kuwa kuna mtu alikuwa akisikiliza. Nukta za kuchomelea bodi ziliongezwa kwa asilimia 13 hivi, na gundi ya muundo kwa asilimia 24 hivi. Kule shokomzoba zinakofungwa kwenye bodi, palipokuwa na boliti moja pakawa na tatu, kwa sababu boliti moja chini ya dhiki huruhusu gurudumu kuyumba kiasi kidogo ambacho jicho halikioni lakini dereva mwenye mikono mizuri hukihisi. Kiti, ambacho katika gari la kwanza kilikuwa juu mno hata mtu mrefu akawa anachungulia kama aliyepanda ngazi, kilishushwa milimita 25. Nguvu zikapanda kufika farasi 304 huko Japani, na zile hali za 50 kwa 50 na 30 kwa 70 zikaondoka, mahali pake pakaja moja ya changarawe, 53 kwa 47, na nyingine ya kiwanja ambayo hubadilika yenyewe baina ya 60 kwa 40 na 30 kwa 70 kulingana na kazi. Ongezeko la nguvu ndilo lililotangazwa kwa sauti kubwa. Mimi ningelipia boliti.

Pia niliambatanishe hapa jambo ambalo huwapita wengi, nalo ni kuwa magari haya hayajengwi kwenye mkanda unaotembea. Katika kiwanda cha Motomachi yametengewa mahali pao, vyumba vya kazi ambamo bodi huletwa juu ya vikokoteni vinavyojiendesha, husimama mbele ya mafundi waliochaguliwa kutoka katika viwanda vingine vya kampuni, na haiondoki mpaka kazi ishe. Mshono wa nusu mbili nisemao hauwezi kufanywa kwa pupa.

Kwetu sisi, shaka zipo nyingine za karibu. Injini iliyopangwa kwa petroli bora ya Japani huhitaji mafuta ambayo petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii, na ikinyimwa huanza kugonga, au kompyuta huipunguzia nguvu ili isigonge, na mwenye gari akawa analipia farasi wasiotoka zizini. Tairi zake za inchi 18 zina ukuta mwembamba ambao shimo moja la barabarani linaweza kuupasua. Kuhusu paa, nilimwuliza fundi atafanyaje siku tawi la ule mwembe litakapoliangukia, na akanyamaza kwa muda, kwa sababu bati hunyooshwa kwa nyundo na mkono, lakini kaboni ikipasuka haina pa kupigwa. “Hapo nitapiga simu Japani, mzee,” akasema, na hakuwa anafanya mzaha. Magari ya toleo la kwanza yanakaribia umri wa miaka 8, ambao sheria ya Kenya hairuhusu uvukwe na gari lililotumika linaloingizwa nchini. Kwa hiyo yatakayokuja kutoka Japani kwa bei iliyopungua yana muda mfupi wa kuja.

Mwenye gari alirudi alasiri, kijana mpole wa Kisauni, akatukuta bado tunaliinamia. Nilimwomba anionyeshe ile handibreki. Nyuma ya gereji kuna uwanja wa mchanga ambako malori hugeuzia, hapakuwa na mtu, naye akaliingiza gari kwa gia ya pili, akakata usukani, akavuta mkono mara moja, na nyuma ikazunguka kwa adabu, bila kupiga kelele. Akaachia, na magurudumu yote manne yakashika tena papo hapo likaondoka limenyooka kama lililovutwa kwa kamba. Alifanya hivyo mara sita, saba. Aliposimama, fundi akalala chali juu ya gunia, akaingiza mkono chini ya mkia wa gari, akaligusa kasha la klachi na difu kwa mgongo wa vidole, jinsi mama agusavyo paji la mtoto.

“Vuguvugu tu,” akasema kutoka chini. “Mwambie arudie mara ishirini.”